Kiraka cha Yai la Mawe

Niliirudia picha ya hadubini ya ganda la yai la mawe mara tatu kabla ya kumwita shangazi. Alikuwa chumba cha pili, akikwangua udongo kwenye mfupa kwa sindano, kazi aliyoifanya katika makumbusho haya kwa miaka thelathini na miwili. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja kazini.

"Ganda lina matabaka mawili," nilimwambia. "Hilo ni la dinosaria mla nyama. Lakini mayai yao ni marefu, na hili ni duara kama chungwa. Halijaonekana popote."

"Umeshamwambia nani?"

"Mkurugenzi. Ripoti inakwenda kesho, ina jina langu."

"Mbio zote hizo, mama, unafukuzwa na nani?" Alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Kipande cha kupima ulikikata wapi?"

Nilimwonyesha: ubavuni, chini ya ufa, mahali pasipoonekana na wageni. Alipatazama kwa muda mrefu. Kisha alichovya pamba kwenye asetoni, akaipitisha ukingoni taratibu. Gundi ililainika. Kipande chenye ukubwa wa ukucha kilimwangukia kiganjani.

"Niliziba mimi," alisema. "Yai lilifika na tundu, na ufunguzi wa maonyesho ulikuwa umekaribia. Nikachukua kipande cha ganda kwenye trei ya mabaki, rangi ikalingana. Nikasema nitaandika daftarini baadaye."

"Baadaye ipi, shangazi?"

"Hii."

Sikucheka. Ugunduzi wangu wa kwanza ulikuwa kiganjani mwake, na tone moja la gundi lingeurudisha.

"Ungenyamaza, nisingejua," nilisema.

"Ungejua siku mwenzako atakapokata upande wa pili. Na jina litakuwa lako, si langu."

Tulikata upande wa pili. Tabaka moja, nene: mla majani mwenye shingo ndefu, kama mayai yote ya duara kabatini. Nilimpigia mkurugenzi simu, nikaiondoa ripoti. Akauliza kama nina uhakika safari hii. Wakati huo shangazi alikuwa amefungua daftari la matengenezo. Aliandika pembeni mwa ukurasa wa zamani kwamba tundu lilizibwa kwa ganda la yai jingine, akatia sahihi na tarehe ya leo.

Kipande kilibaki mezani. Matabaka yake mawili hayakuwa kosa. Kuna mla nyama aliyelitaga yai kilikotoka.

"Trei ile ilitoka wapi?" niliuliza.

"Korongo hilohilo lilikotoka yai. Ipo kabati la chini, ina vipande kama mia nne." Alinisogezea kiti. "Vaa glavu."