Simu ya Gemu ya Dobi

Ulimwona. Usianze kusema hukumwona. Ilikuwa Jumamosi alasiri, duka la simu limejaa, na wewe ulisimama hatua tatu kutoka kwake ukisubiri kubandikiwa protekta ya kioo. Ulimwona mwanamke wa makamo amevua kiatu kimoja ili kisigino kipumue, vidole vya mikono vimejikunja kama vya mtu aliyesahauliwa ndani ya maji, akimwomba muuzaji kikombe cha maji yasiyo ya kunywa. Watu wakacheka. Wewe hukucheka, hilo tukupe. Ulichofanya ni kuinamia simu yako na kujifanya una ujumbe wa kujibu. Basi kaa uambiwe yale maji yalikuwa ya nini.

Mwanamke yule ni dobi. Mwaka wa kumi na saba huu anafua mashuka ya hospitali na ya mahoteli katika kampuni yenye jengo refu na madirisha ya kuhesabika, na huko hana jina jingine. Hata binti yake akipiga simu mapokezi huuliza, "Dobi yupo?" na wanajua ni yeye, ingawa madobi wa zamu ya asubuhi ni ishirini na watatu. Mashine yake ni namba nne. Anavuta mashuka yaliyolowa, mazito kama mtu aliyezimia, anayatupa kwenye toroli, anajaza tena. Ikifika saa nane mgongo wake unakuwa wa mtu mwingine.

Kampuni imemhesabu kwa njia nyingi, na yeye anazikumbuka zote. Alipoanza kulikuwa na daftari getini, na kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe. Zikaja kadi za plastiki, zikapinda kwa mvuke. Ikaja mashine ya kidole, ile ya kuweka dole gumba ukasomwa. Ikawasoma walinzi, ikamsoma dereva, ikamsoma karani, ilipofika kwa madobi ikagoma. Sabuni na klorini zilikuwa zimekula mistari yote ya vidole vyao. Mtu fulani alikaa ofisini akalitazama jambo hilo, la watu kufanya kazi mpaka vidole vikafutika, na alichoamua ni kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila dobi atajiandikisha kwa simu yake mwenyewe.

Programu yenyewe unaifungua ukiwa ndani ya chumba cha kufulia. Ukiwa nje haikubali. Unajipiga picha ya uso. Kinatokea kiduara cha kijani, unakibonyeza na kukishikilia bila kuachia mpaka kijae. Saa moja na dakika tano asubuhi mlango unafungwa, mlango wa kwenye simu, kwa sababu ule wa chuma uko wazi na mashine zinanguruma. Ukikosa mara nne ndani ya mwezi mmoja, jina linatoka kwenye zamu. Ukiuliza nani kalitoa, unaambiwa hakuna aliyelitoa. Ni mfumo. Msimamizi wao analitumia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba nyuma ya mgongo wake wanamwita Bwana Mfumo.

Sasa chukua simu ya zamani yenye ufa, ipeleke kwenye mvuke, iguswe na dole gumba lililolowa, lisilo na hata mstari mmoja. Kiduara kinajaa robo, kinaruka. Unafuta kidole kwenye aproni, na aproni nayo imelowa. Ndipo madobi wakagundua pua. Pua hukauka haraka kuliko kidole. Ukiingia pale saa moja asubuhi ungekuta watu wazima, wengine na wajukuu, wamejipanga ukutani kila mmoja amekandamiza pua yake kwenye kioo, kimya, kama wanainusa simu kujua imechacha au bado. Wiki ya kwanza walicheka. Ya pili pua ikawa sehemu ya kazi.

Tatizo la dobi wetu ni kwamba pua yake hutoka jasho. Alikuwa amekwisha kukosa mara tatu, na mwezi ulikuwa bado na siku kumi na moja.

Ndiyo sababu Jumamosi ile alikuwa dukani na binti yake, na pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya godoro. Muuzaji, kijana ambaye wateja wote wanamwita Injinia, aliweka simu mbili juu ya kioo cha meza. Bei zake hazikupishana sana.

"Hii ndiyo yako, mama," akasema. "Ya matumizi ya kila siku. Nyepesi, chaji inakaa siku mbili, na kamera ya mbele utaonekana umetoka saluni sasa hivi."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ya vijana. Ya gemu. Ina kasi, ndani ina kitu cha kuipoza, haigandi. Ila ni nzito, inakula chaji, na kamera yake ya mbele ni ya kubahatisha."

Ilikuwa nyeusi, na mgongoni ilikuwa na taa nyekundu inayowaka na kuzimika kama ya gari lililoharibika barabarani.

"Chukua ya kwanza, mama," binti akasema. "Utaongea na bibi kwa video akuone vizuri. Juzi kaniuliza kwa nini siku hizi mama yako anakaa nyuma ya pazia."

Dobi akaishika ile nyepesi. Akafungua kamera ya mbele akajitazama. Alikuwa amezeeka kuliko alivyodhani, lakini alionekana, na kuonekana ni kitu. Aliitaka. Mama yake ana macho mabovu na miaka themanini, na safari ya kwenda kumwona huishia kwenye kupangwa tu. Simu ile ilikaa mkononi kana kwamba imepimwa humo.

"Mwanangu," akamwambia Injinia, "niwekee maji kidogo kwenye kikombe."

"Ya baridi?"

"Yoyote. Sinywi."

Akavichovya vidole vyote vitano. Injinia akanyoosha mkono kuikinga meza yake. "Mama, taratibu basi. Hiyo simu bado ya duka."

"Na mimi bado wa kampuni. Nitafutie kitu cha kubonyeza na kushikilia."

Injinia akafungua gemu ya mbio za magari, iliyokuwa kwenye simu zote mbili kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Ukikandamiza pedeli gari linakwenda, ukiachia linasimama. Kwenye ile simu nyepesi dole gumba la dobi lilitua kwenye pedeli, gari likaruka hatua mbili, likasimama, likaruka, likazima kabisa. Akajaribu tena. Akajaribu kwa kidole cha shahada.

"Mama, watu wanatuangalia," binti akanong'ona.

"Waache waangalie. Hawaingii saa moja hao."

Akaihamia ile nyeusi. Gari likaondoka. Likashika kasi, likaacha barabara, likagonga ukuta, na bado injini ikawa inanguruma na matairi yanazunguka, kwa sababu kidole hakikuachiwa.

"Kata kona, mama," mteja mmoja akasema.

"Sikati. Nashikilia."

Akahesabu mpaka ishirini. Mteja yule akacheka mpaka akaegemea mlango. "Kwani wewe unacheza gemu gani, mama?"

"Ya kuitwa jina kazini. Nimefungwa tatu. Ya nne natolewa."

Injinia hakucheka safari hii. "Hiyo imetengenezwa kwa watu ambao mikono yao inatoka jasho wakicheza," akaeleza. "Kioo chake kinasoma hata kidole chenye maji."

"Kuna watu wanatoka jasho kwa kucheza?"

"Wengi, mama."

Dobi akalifikiria hilo kidogo. Kisha akaisukuma ile nyepesi upande wa pili wa meza na kulipia ile ya gemu. Njiani binti yake alinuna, na yeye hakuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Jumatatu, saa moja na dakika moja, kiduara kilijaa mara ya kwanza. Jumanne pia. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaegemeza kichwa kwenye mashine namba nne kabla haijapata moto, akafumba macho. Jioni alimpigia mama yake kwa video, na uso wake ukatokea wa kijivu, umejaa chengachenga. "Unaumwa?" mama yake akauliza. "Hapana, mama. Ni simu." "Basi simu yako inaumwa."

Angeishi na hilo. Watu wanaishi na mengi. Lakini Jumatano Bwana Mfumo alishuka chumba cha kufulia saa ya chai, akasimama karibu na namba nne, akamwomba simu yake, akaiinua juu wote waione.

"Mnalalamika kwamba haiwezekani," akasema. "Huyu hapa kafua miaka kumi na saba, vidole vyake ni kama vyenu, na wiki hii hajakosa hata siku moja. Kwa hiyo inawezekana. Kuanzia leo sitaki kusikia habari ya vidole."

Kesho yake karatasi ikabandikwa ukutani, ikitaja aina ya simu inayotakiwa. Ilikuwa ile ile ya gemu, na taa yake nyekundu. Na siku hiyo hiyo Bi Pasi akakosa ya nne.

Bi Pasi ndiye mkubwa wao kwa umri. Anapiga pasi mashuka ya hospitali tangu kabla jengo halijaongezwa ghorofa, na simu yake ni urithi kutoka kwa mkwewe, inajizima ikikasirika. Alisimama ukutani na pua yake mpaka ikabaki dakika moja mlango ufungwe. Dobi akamkimbilia na simu yake.

"Tumia yangu, Bi Pasi. Weka uso wako hapa."

Simu ikaandika kwamba uso huu si wa mwenye simu. Dobi akamfuata msimamizi, mikono inadondosha maji.

"Bosi, yupo. Mtazame. Amesimama pale. Mwandike kwa kalamu tu."

"Mimi namwona," msimamizi akajibu, na kweli alikuwa anamtazama. "Mfumo haukubali."

"Si unamwona?"

"Mwenzake amenunua simu. Wewe si umenunua?"

 Dobi alirudi akamkuta Bi Pasi anavua aproni, anaikunja vizuri, kingo juu ya kingo, kwa mazoea ya kazi.

"Mwanangu, usijilaumu," Bi Pasi akasema. "Ungefanya nini?"

Neno lile ndilo lililomnyima usingizi wa mchana, wa jioni na wa basi. Alikuwa amedhani anachagua kati ya simu mbili. Alichukua inayoweza, na kuweza kwake kukawa fimbo ya kuwachapia wenzake. Kila asubuhi ambayo kiduara chake kingejaa, kampuni ingekuwa na ushahidi kwamba kosa ni la anayeshindwa.

Leo asubuhi aliingia saa moja kasoro dakika kumi. Akaizima ile simu, akaiweka juu ya mashine namba nne mbele ya macho ya wote, akafunga mikono. Hakuhutubia, mgongo haukumruhusu. Alisema tu, "Mimi sibonyezi, na siwashi mashine, mpaka Bi Pasi aandikwe." Jirani yake wa namba tano akaitazama simu, akamtazama yeye, akazima ya kwake. Akafuata wa namba saba. Hadi saa moja na dakika tano walikuwa tisa. Kumi na watatu waliweka pua zao ukutani kama kawaida, na hakuna aliyewatukana. Wana watoto, wana kodi ya nyumba. Mashine zao zilikaa baridi. Mashuka ya hospitali yalirundikana mlangoni. Bwana Mfumo alisimama katikati akipiga simu kwa watu wa juu, na huko juu hakuna aliyepokea.

Tisa ni wachache. Wataondolewa kabla zamu haijaisha saa nane wakibaki tisa, na watu wa kuziba nafasi zao wameshapigiwa simu. Labda mmoja wa waliopigiwa ni wewe. Kama ni wewe, piga sasa hivi, waambie huji. Kama wewe ni wa zamu ya mchana, usifungue ile programu; simama na Bi Pasi getini, yuko pale amekalia mkoba wake. Na kama hufui mashuka ya mtu yeyote, lakini umelala juu yake hospitalini au hotelini, unajua mlango wa kuingilia uko wapi. Inuka uende ukamuulize meneja wa pale, kwa sauti, mbele ya wageni wake, shuka lako limefuliwa na nani na kama jina lake limeandikwa. Usisubiri kesho. Saa nane haijafika.