Blauzi Nyekundu

Haya nyamazeni, sogeeni karibu nyote mnaokaa kichwani mwangu na mfunge midomo, nesi ameshika ncha ya bandeji, anaizungusha kichwani mwa mjukuu wangu polepole kama anayemenya yai la moto, nataka nisikie, lakini wapi, wafu na wazima mna maneno, bi mkubwa aliyenifundisha kuchemsha sabuni ndiyo kwanza anaanza, "kostiki, hii soda kali, unaitia kwenye maji, mwanangu, usigeuze, ukimwaga maji juu yake itakurukia usoni kama paka"... na mjukuu hakugeuza, alifuata vilevile, ila joto la pipa lilimtia ukungu kwenye miwani ya kazi, akaipandisha kwenye paji la uso, akainama aonje... maana sisi wachemshaji ndivyo tulivyo, unachota tone, unaligusisha ncha ya ulimi, likikuchoma soda bado kali, lisipokuchoma unamimina, basi alipoinama tu, povu likapasuka, macho yote mawili... "Bibi, mbona unapumua kama treni?" anauliza mjukuu. Napumua zangu, mke mwenzangu, wewe tulia... hanioni, afadhali, nimevaa blauzi yake nyekundu, ile mpya aliyoikunja vizuri kwenye sanduku, nilijiambia nani atajua, imenibana kwapani mpaka mkono haushuki... na msimamizi wa kazi siku ile anapiga kelele, "Leteni ndimu! Ndimu inakata soda!" na Tembo, yule mkorogaji mnene, "Ndimu ukamulie samaki wako! Maji!" akamnyanyua msichana kama gunia, kichwa chini ya bomba, akamfumbua kope kwa vidole, mtoto anapiga mateke, anamng'ata, Tembo anasema, "Ning'ate, mama, ning'ate, ila usifumbe," saa nzima, mpaka yadi ikawa ziwa, daktari kasema maji yale ndiyo yaliyomwokoa, jicho la kulia halina neno, la kushoto... kufika la kushoto daktari alikohoa, akatazama dirishani, tangu hapo kikohozi chake kinalala na mimi kitanda kimoja... "Usifumbue bado, dada," anasema nesi, bandeji inaning'inia, bado pamba... marehemu mume wangu naye kaja, huyo hakosi, "Mke wangu, hili ni bwawa la chumvi au mchuzi?" ningejuaje, ncha ya ulimi wangu ilikwisha kufa kwenye sabuni, sikuisikia chumvi tena, watoto wakila kwangu wanamaliza mtungi wa maji, tukacheka miaka yote, nikaona fahari, bibi mwenye ulimi wa chuma, na mjukuu akanitazama akiwa mdogo, akatoa ulimi, akanionesha, "na mimi nitakuwa nao"... na mimi nilicheka... "Sasa funika la kulia kwa kiganja. Fumbua la kushoto, taratibu." Hata nyinyi mmenyamaza leo, hata bi mkubwa... jicho jekundu kama nyanya, linalia, linapepesa, linatafuta, linanipita, linarudi... "Bibi!" Nini? "Bibi, hiyo si blauzi yangu?" Ee, ni yako! Ni yako, mwanangu, niseme, nitukane! "Umeipasua kwapani! Naona ngozi!" Anaona ngozi! Nesi anacheka mpaka pamba imemdondoka, mimi machozi na kamasi, naye bado kaziba jicho la kulia kwa kiganja, ananigombeza kwa la kushoto, na bandeji ingali inaning'inia begani mwake... basi nagawa urithi wangu hapahapa, mnisikie, blauzi irudi kwa mwenyewe, na kiraka nitie mimi, Tembo apewe kiti changu cha kivulini na sabuni ya kuogea maisha yake yote, miwani yangu ya kazi achukue mjukuu, na siku akiipandisha kwenye paji nyinyi wote mtoke kwangu mkampigie kelele yeye, msimamizi mwachieni ndimu zake, na huu ulimi, huu wa chuma, hapana, huu nazikwa nao, haurithi mtu.