Nani Atangulie

Wifi yangu alikuwa anasomea uhandisi wa kuzuia moto, na nyumba nzima tulisoma naye, tupende tusipende. Pazia lisikaribie jiko. Ndoo zangu zitoke kwenye korido. Nikimwambia chuo kimemroga, ananijibu, "Bora nirogwe mimi kuliko muungue nyinyi, wifi."

Siku moja alitupanga sebuleni tujifunze kutoka. Moshi hupanda juu, alisema, hewa hubaki chini, kwa hiyo mtu asisimame, atambae. Mume wangu akatambaa, nami nikatambaa, tukagongana vichwa tukacheka. Baba mkwe hakutoka kwenye kiti.

"Nitambae mbele ya mkaza mwanangu? Moto wenyewe utanionea haya."

Tulicheka tena, isipokuwa wifi. "Baba, moto hauna haya," alisema.

Moto ulikuja mchana. Chini yetu palikuwa na fundi makochi, na cheche za jirani yake anayechomelea vyuma ziliangukia sponji. Mume wangu alikuwa kazini, wifi yuko kwenye mtihani. Nilikuwa nakunja nguo niliposikia makelele barabarani, na tayari moshi mweusi unapenya chini ya mlango wa mbele. Nikaugusa kwa mgongo wa mkono, kama nilivyofundishwa. Ulikuwa unaunguza. Ikabaki ngazi ya nyuma, mwisho wa korido.

"Baba! Moto!"

Alitoka bafuni na povu kichwani, taulo kiunoni. Aliponiona akarudi nyuma, na mimi nikainamisha uso. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona bila shati.

"Baba, tutambae. Twende ngazi ya nyuma."

"Tangulia, mwanangu."

Nikapiga magoti, nikasita. Gauni langu la nyumbani lilikuwa jepesi na fupi. Nikitangulia, makalio yangu yatakuwa usoni pake korido nzima.

"Tangulia wewe, baba."

Akalitazama taulo lake. "Hapana, mama. Tangulia. Mimi nitakuja nimesimama."

"Usisimame, baba, nakuomba!"

"Basi nenda kwanza, ukifika ndipo nije."

"Nikuache humu? Tangulia wewe, nafumba macho."

"Na mimi nafumba. Nenda!"

Tukabaki hapo tunakaribishana kama wageni mlangoni. Moshi haukungoja tukubaliane. Nilimsikia anakohoa, kikohozi kirefu kisicho na mwisho, nikafumbua macho. Alikuwa bado amesimama, na kichwa chake sikukiona.

Aibu yote ikanitoka. "Lala chini, wewe mzee! Lala!" Nikamshika mguu nikavuta. Akaniangukia, mzito, nikamwita na hakuitika. Nikamkokota kwa makwapa, nikienda kinyumenyume kwa magoti, nalia, namtukana, namwomba radhi, namtukana tena. Taulo lilibaki hukohuko na sikulitafuta. Watu walitupokea kwenye ngazi, mwanamke mmoja akavua mtandio wake akamfunika. Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Baada ya maziko watu walinisifu. Mkaza mwana kamtoa mkwewe motoni, walisema, wangapi wangeweza? Mume wangu alinishika mkono mbele ya wote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nyumba ilipotulia, wifi alikwenda kwenye korido na futi kamba yake ya chuo. Akapima kutoka bafuni hadi ngazi ya nyuma, akapima urefu ambao masizi yameishia ukutani. Kisha akapiga magoti akatambaa, akafika, akarudi, akatambaa tena. Magoti na viganja vyake vilikuwa vyeusi tii. Mimi nilisimama jikoni nikimtazama, sina pa kwenda.

"Sielewi," alisema, akiwa bado chini. "Ni karibu mno, wifi. Hata mtoto angefika. Masizi hayakushuka chini, hewa mlikuwa nayo. Na nyote mlijua cha kufanya, niliwafundisha mwenyewe." Akavitazama viganja vyake. "Kuna kitu niliwafundisha vibaya?"

"Hapana, wifi. Ulitufundisha vizuri."

"Sasa mlikuwa mnafanya nini hapa?"

Nilitafuta uongo. Mlango ulikwama, mzee aliteleza, chochote. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya baba yake.

"Tulikuwa tunaheshimiana," nikasema.