Marahaba Tatu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikiri mapema. Mama yangu kule Werugha husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali. Na watoto sitini na wanne wa Gredi ya Pili, hapa shuleni kwetu Voi, hawanisaidii kupoa. Ndiyo maana zilipoletwa tableti kumi na mbili zenye programu ya kusoma, hakuna mwalimu aliyepiga makofi kunishinda.

Kazi yake ni rahisi. Mtoto anavaa hedifoni, anasikia sauti ikimwambia asome, anasoma hadithi fupi kwa dakika moja, na programu inahesabu maneno aliyoyapata. Sauti yenyewe ni yangu. Mwalimu huruhusiwa kurekodi maagizo yake ili watoto wasitishwe na sauti ngeni. Nilirekodi mara moja tu, kengele ikinikimbiza. Kila Ijumaa watoto waliingia chumba cha maktaba kwa zamu, nami nikabaki darasani na wengine.

Mambo yakaninyookea, isipokuwa kwa Nasiha. Alikuwa msichana mgeni, amehamia kwa nyanya yake kutoka Lamu, mpole, haongei mpaka umchokonoe. Ijumaa ya kwanza alipata sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri tena.

"Mwalimu Everlyne, huyu hajui hata herufi," akasema Mwalimu Mkuu, Bwana Thadeus. "Jumatatu arudi Gredi ya Kwanza. Nimeshampigia nyanya yake simu aje leo mchana atie sahihi fomu ya kumrudisha."

Nami nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Sikuwa nimemsikiliza yule mtoto hata mara moja kwa masikio yangu. Mashine ilisema, nikaona yamekwisha.

Bi Mwanarusi, nyanya yake, alifika ofisini saa nane kamili, akaketi, akaisoma ile fomu yote bila kuigusa kalamu.

"Nasiha ndiye anisomeaye maandishi madogo madogo ya dawa zangu za presha," akasema taratibu. "Asubuhi na jioni, kila siku. Leo mwaniambia hajui kusoma? Basi mimi nameza nini?"

Nikavimba. Nikaona huyu mama ananiita mwongo mbele ya mkubwa wangu. Programu huhifadhi sauti ya kila mtoto, kwa hivyo nikaileta tableti, nikachomoa hedifoni ili sote tusikie, nikabonyeza. Nilitaka asikie kimya cha mjukuu wake mwenyewe.

Kwanza nikajisikia mimi: "Haya, soma hadithi iliyo mbele yako!" Mungu wangu, utadhani nafukuza mbuzi kwenye maharagwe.

Kisha sauti ndogo: "Shikamoo, mwalimu."

Kimya.

"Shikamoo, mwalimu."

Kimya, mpaka dakika ikaisha.

Nikafungua ya Ijumaa ya pili. Ni yale yale, ila shikamoo imepazwa kidogo, kana kwamba mwalimu ana shida ya masikio. Ya tatu nusura nisiifungue. Shikamoo moja, kimya kirefu, halafu ile sauti ndogo ikitetemeka: "Mwalimu, umenikasirikia?"

Mimi kwetu milimani nimekua tukisalimiana kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, na darasani watoto hunisalimu wote kwa pamoja kwa Kiingereza, nami huitikia huku nikifuta ubao. Shikamoo ya mtoto mmoja peke yake haikuwa imenipitia akilini.

"Kwetu mtoto akimwamkia mkubwa hungoja aitikiwe," akasema Bi Mwanarusi. "Hatii neno jingine kabla ya hapo. Ndivyo nilivyomlea, na sitamlea vingine."

Nikaomba dakika mbili. Nikatoka nje na tableti, nikavuta pumzi, nikarekodi upya, polepole. Kisha nikaenda kumwita Nasiha.

Alikaa kwenye kiti cha ofisi, miguu haifiki chini, akavaa hedifoni. "Shikamoo, mwalimu," akanong'ona. Hapo ndipo nikabonyeza. Najua alichosikia, maana nilikuwa nimekirekodi muda huo huo: "Marahaba, mwanangu. Karibu. Sasa nisomee." Mabega yake yakashuka. Akaanza kusoma. Alisoma hadithi ya sungura aliyeiba viazi bila kukwama, akaweka vituo mahali pa vituo, akaimaliza kabla ya dakika kwisha, akauliza kama kuna nyingine.

Bwana Thadeus akaikunja ile fomu mara nne, akaitupa kwenye pipa la taka. "Abaki pale pale," akasema.

Furaha niliyokuwa nayo ilizidi ya siku tableti zilipoletwa, na aibu yangu ilikaa ndani yake humo humo. Nasiha akavua hedifoni, akanitazama.

"Kumbe hukunikasirikia."

Nikachuchumaa mbele yake. "Marahaba," nikamwambia. "Marahaba. Marahaba."

"Mbona tatu?"

"Za zile Ijumaa tatu."

Akafikiri kidogo, akaona hesabu ni sawa, akaomba ruhusa aende kucheza.