Mbao Nilizokataa Kutoa

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, na anayetaka kununa anune. Mwaka wa sabini na tano mimi, Wakonyo, mjane wa Nderitu, nilipanga kwenda likizo ya baharini kwa mashua, nikitokea Endarasha, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Nasema likizo. Sikuwa naenda kutafuta dawa, wala kumzika mtu, wala kuuza kabichi. Nilitaka kuzunguka visiwa nikiwa nimekaa.

Mashua yenyewe nilipewa na kura. Kampuni yetu ya kununua mashamba iliponunua shamba la mzungu tuliyemwita Murungaru, lilikatwa vipande, na kila mwanachama akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa namba yake. Sheria ilitangazwa mbele ya watu wote: kilichosimama juu ya namba yako ni chako. Gatimu alipata uwanja wa tenisi, na jembe lake likagonga kokoto mpaka likapinda. Mwingine alipata josho la ng'ombe. Mimi nilipata banda la matrekta, na ndani yake, badala ya trekta, mlikuwa na mashua.

Haikuwa mashua ya kawaida. Zilikuwa mbili, ndefu na nyembamba, zimewekwa sambamba na kuunganishwa kwa jukwaa la mbao, na mlingoti umelazwa kando. Wenyewe huiita katamarani. Waliokuja kuchungulia siku ile ya kura walisema ni hori za kulishia ng'ombe, na mmoja wao akanipongeza kwa kupata hori kubwa namna ile. Mimi nilijua ni nini. Nilimfulia Murungaru nguo kwa miaka, nikamwona akiijenga Jumapili baada ya Jumapili huku akiimba vibaya. Ukutani alikuwa amebandika ramani ya pwani, na juu yake amechora mstari wa penseli kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kisha akauza shamba, akapanda ndege kwenda kwao, akaacha vyote. Safari ilikuwa imepangwa tayari. Ilikosa msafiri tu.

Nilikaa na wazo hilo msimu mzima wa mvua bila kulisema. Nilipolisema, nilimwambia Murugi kwanza, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, mjane kama mimi. Nilitegemea atanicheka. Aliniuliza kama huko baharini kuna baridi kama ya hapa. Nilipomwambia hakuna, akasema yeye pia anakuja.

Basi tukaanza kupanga. Huseni, mtu wa Majengo pale Nyeri mjini, alikuwa na lori la kubeba kabichi kutoka Karatina hadi Mombasa, na alikubali kutubebea mashua juu ya kabichi zake. Mkewe, Mwanasiti, alizaliwa kisiwani Wasini, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alipoona ramani alifuta mstari wa Murungaru kwa kidole kilicholowa mate, akisema mzungu huyo angekwama kwenye mwamba kabla ya chai ya saa nne. Akatuchorea mwingine. Tungeanzia Mombasa, tushuke kusini polepole, Chale, Funzi, halafu Wasini kwa mama yake, na kila jua likizama tulale nchi kavu. Mdogo wake Jumaa, ambaye kazi yake ni bahari, angeshika usukani. Tungeondoka mwezi wa pili, upepo ukitoka kaskazini na viazi vyetu vikiwa vimeshachimbwa.

Tatizo kubwa lilikuwa chakula. Murugi hakuwahi kuonja samaki na hakukusudia kuanza uzeeni. Sisi wa huku samaki tulimhesabu pamoja na nyoka. Alitaka tubebe gunia la viazi, gunia la mahindi na mbuzi aliye hai. Alikuwa ameshapanga hata mahali pa kuviweka: mashua moja ya watu, ya pili ya viazi na mbuzi.

"Mwenzangu," Mwanasiti alimwambia, akiwa ameshika ukuta kwa kicheko, "ukiilemeza upande mmoja haitakupeleka Wasini, itakuzungusha papo hapo mpaka utapike."

Mbuzi akatolewa kwenye mpango. Viazi vilibaki, kwa sababu Murugi alikaa ngumu.

Kosa langu mimi lilikuwa la mafuta. Mbao zilikuwa zimekaukiana kwa kukaa bandani, na kwetu kitu kisichotakiwa kupitisha maji hupakwa mafuta ya kondoo. Nikachinja kondoo mnono, nikayeyusha mafuta, nikaipaka mashua yote, nje na ndani, mpaka ikang'aa. Asubuhi mbwa wote wa Endarasha walikuwa bandani wakiilamba. Nilipowafukuza walirudi na wenzao. Wenye mbwa wakaja kuwatafuta mbwa wao, wakanikuta na ramani, kamba na rafiki yangu Murugi akijifunza kufunga tanga. Hivyo ndivyo mpango wetu ulivyojulikana. Jumaa aliposimuliwa alituma neno kupitia kwa Huseni kwamba, tafadhali, nisiipake kitu kingine mpaka aione kwa macho yake.

Habari ikamfikia Moffat. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kampuni yetu, na pia wa kamati ya shule ya sekondari ya harambee iliyokuwa ikijengwa hapo chini ya barabara. Mwanangu wa pekee, Ngatia, alikuwa mwalimu wa shule hiyo. Moffat alikuja akazunguka mashua yangu akiigonga kwa kifundo cha kidole, akisifu mbao. Alisema mbao kama hizo hazipatikani tena. Nilimpa chai, akanywa, akaondoka bila kusema alichokuwa akipima.

Nikajua siku ya harambee. Katika harambee zetu mtu anaweza kutajwa kabla hajatoa. Mwenyekiti anasimama, anaita jina lako, anatangaza ulichotoa, umati unapiga makofi, na wewe uliyekuwa umekaa hujui lolote unasimama na kuinamisha kichwa kwa shukrani. Nani atakana mbele ya watu wote hao? Nimemwona mtu akipoteza fahali namna hiyo, na aliporudi nyumbani mkewe hakumpikia.

Basi Moffat akasimama, akatangaza kwamba Mama Ngatia, kwa moyo wake wa maendeleo, ametoa mbao zote za ile boti ya mkoloni zitengeneze madawati. Makofi yalilia. Watoto wa shule walianza kuimba. Mwanangu, aliyekuwa amekaa na walimu wenzake, alitabasamu kwa fahari, kwa sababu alidhani ni kweli.

Nilisimama. Niliogopa, sitadanganya. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mimi sijapeana kitu," nilisema. "Hiyo boti ni yangu, na niko na safari nayo."

Makofi yakakatika. Moffat akacheka kidogo, akawaambia watu Mama Ngatia anapenda utani. Akaniuliza kwa sauti ya upole, ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, ni safari gani hiyo iliyo kubwa kuliko elimu ya watoto.

"Ya likizo."

Walicheka wote. Wanaume, wake zao, watoto, hata mhubiri. Niliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Mawe ya hiyo shule nimebeba na hii mgongo," nikasema. "Na kabla ya hiyo, wakati wa hali ya hatari, nilichimbia mkoloni handaki na bunduki ikiwa nyuma yangu, na mama zenu wako hapa, waulizeni kama tulipewa hata siku moja ya kupumzika. Uhuru ulikuja. Nikaambiwa sasa tujenge taifa, nikajenga. Bado najenga. Madawati nitasaidia kutafuta. Lakini hii sipeani, na mwenyekiti asinitaje tena bila kuniuliza."

Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na sikuyahitaji.

Walinilipa haraka. Sisi wanawake tulikuwa tukilimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mimi nilikuwa nimelima kwa kila mmoja wao. Zamu yangu ilipofika alikuja Murugi peke yake. Tulichimba viazi sisi wawili, mistari mirefu ikitutazama, na Murugi akasema afadhali, tunazoesha mikono kuvuta kamba. Kanisani benchi langu lilibaki na nafasi kubwa kuliko haja. Nilijitandaza nikakaa vizuri.

Kilichoniuma ni Ngatia. Alikuja nyumbani akasimama mlangoni bila kuingia, akasema nimemwaibisha, kwamba kwenye chumba cha walimu wanamwita mtoto wa nahodha. Mwalimu mkuu alikuwa amemuuliza kama mamake ana akili timamu. Aliniomba nitoe zile mbao yaishe. Nilimwambia sitoi. Akanipa mgongo akaenda zake, nami nikalia, kisha nikaenda kukagua kamba.

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi wa pili, siku ambayo lori la Huseni lilikuwa lije, waliingia uani asubuhi, Moffat na wanaume kadhaa wenye shoka na misumeno. Mbele yao alikuwa mwanangu na shoka mkononi. Nilielewa mara moja. Hakuna mtu wa kwetu anayethubutu kuharibu kitu cha mjane kama mtoto wake mwenyewe hajaanza. Pigo la kwanza likiwa la Ngatia, hayo mengine yangekuwa kazi tu ya kumsaidia mtoto wa nyumba.

Niliingia bandani, nikapanda mashua, nikakaa. Murugi akapanda ya upande wa pili ili isilemee.

Ngatia alisimama mbele yangu. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Maitu, mama, toka kwa boti."

"Sitoki."

"Piga moja tu," Moffat alimwambia kutoka nyuma. "Sisi tutamaliza."

Kila aliyekuwa pale alijua nilichobakiwa nacho. Laana ya mama kwetu si mchezo. Mzazi akiitamka kwa uchungu, mtoto hana pa kukimbilia. Niliwaona wanaume wawili wakirudi nyuma polepole ili wasiwe karibu nitakapofungua mdomo, na niliona mikono ya Ngatia ikilegea kwenye mpini. Ningesema neno moja angetupa shoka. Na angeniogopa mpaka siku ya kunizika. Nilimtazama mtoto niliyembeba mgongoni nikichimba lile handaki, nikaona siwezi kwenda popote kwa bei hiyo.

"Sikulaani," nilimwambia. "Wote wasikie, sikulaani. Ukikata, jioni kuja ukule kwangu kama kawaida. Lakini ujue unakata nini. Hii ndio kitu ya kwanza nimetaka yangu peke yangu, na niko karibu miaka sitini."

Mbwa mmoja alikuja akalamba ubavu wa mashua, hakuna aliyemfukuza.

"Na ukizama?" Ngatia akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nikizama, nimezama nikiwa likizo."

Murugi alicheka kwa sauti kule upande wake. Mwanangu hakucheka, lakini kitu fulani usoni mwake kilifunguka, nami nikakiona. Aligeuka akamkabili Moffat.

"Mimi sikati, mwenyekiti."

Moffat alikasirika sana. Alimwambia afikirie kazi yake. Alimuuliza, mbele ya wale wanaume wote, Jumatatu watu wakimuuliza mamake ameenda wapi atawajibu nini, mwalimu mzima.

"Nitawaambia ameenda kutembea."

"Kutembea kufanya nini?"

"Kutembea tu," Ngatia alisema. "Hana mzigo, haitwi na mtu. Ameenda kutembea."

Wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakimpita Moffat bila kumwangalia, mpaka akabaki na msumeno wake pale mlangoni, kisha naye hakuwapo. Lori la Huseni lilikuwa limeanza kusikika barabarani, likipanda kilima kwa taabu. Ngatia aliegemeza shoka ukutani, akavua koti lake la ualimu, akakunja mikono ya shati. Akaizunguka mashua mara moja, akiitazama kwa makini kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaniuliza tukiinyanyua inashikwa wapi.

Nilimwambia sijui. Tutajua tukiinyanyua.