Povu la Kwenda Djugu

Saa kumi na mbili asubuhi, mtoto wake Gracieuse angali amelala, Pétronille aliteremsha brashi ya kunyolea ndevu kwenye kamba ya nguo. Ilikuwa imening'inia siku tatu, manyoya chini, ili maji yasiozeshe mpini. Alikuwa ameiosha kwa ndimu, akaichana kwa kitana cha mtoto, akaziba ufa wa mpini kwa gundi na uzi. Wanawake wengine wa Bunia hufuma vitambaa. Yeye starehe yake ilikuwa kufufua brashi kuukuu. Hii ilikuwa ya kumi na moja, na ya kwanza aliyoogopa kuilowesha. Ilikuwa ya baba yake, muzee Étienne, aliyepotelea Djugu siku walipokimbia vita.

Brashi zake zilikuwa na tabia moja. Ukikoroga sabuni, povu hutoka bakulini likaenda kukaa kwenye kidevu cha mwenye brashi, popote alipo. La mwalimu Jérôme lilimkuta darasani; akaomba wembe, akanyoa, povu likarudi bakulini na ndevu zake, naye akaendelea na hesabu. Mwenyewe akiwa amekufa, povu hubaki bakulini na kukauka.

Pétronille alikoroga. Povu lilipanda, likatulia. Likatulia sana. Kisha likavuka kizingiti, likakata kona, likashika barabara ya Djugu.

"Baba iko muzima!" Vigelegele vyake vilimwamsha Gracieuse na kumtoa nje jirani Mumbere, mwenye pikipiki, mswaki mdomoni.

"Mama Gracieuse, povu yako kidogo inigonge. Inaenda wapi mbio hivi?"

"Kwa baba, Djugu!"

"Basi iwahi. Kwa barrière kunakuwaka mulolongo."

Saa nne povu lilirudi, limechoka. Pétronille alilichuja kwa kitambaa cheupe. Kulikuwa na mvi, za kutosha shavu moja. Zilizobaki zilikuwa ndevu nyeusi, nyingi, za vijana.

Mumbere, aliyepeleka abiria mpaka barrière, kizuizi cha wenye bunduki barabarani, alieleza jioni. "Bale ba bunduki bote banangaa kidevu leo. Kila kitu kikipita, banakata sehemu yao. Lakini mutu wa kabila yenu ndiye hapiti kabisa."

"Kwa hiyo baba anatembea na shavu moja?"

"Iko hivyo."

Pétronille akamfikiria baba yake, mtu asiyesalimia hata jirani kabla ya kunyoa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake aliacha bakuli, akachukua beseni la kufulia. Mama Monique wa ng'ambo ya barabara alileta kipande cha sabuni, mwingine akaleta maji, wakakoroga kwa zamu. Povu lililoondoka lilikuwa kubwa kama ng'ombe. Wenye pikipiki waliliachia njia.

Liliporudi alichuja polepole. Nyeusi. Nyeusi tena. Kisha mvi: shavu la kuume, shavu la kushoto, kidevu, hata masharubu. Akainua kitambaa juu ya ua.

"Mashavu yote mbili!"

Avenue nzima ikapiga vigelegele.

Mumbere alisema kule barrière vijana wa bunduki wameshatundika kioo na taulo. Pétronille akatundika brashi, manyoya chini, akaloweka sabuni ya kesho.