Nguzo Mpya za Dada

Fundi Msasa hakupewa jina hilo bure. Yeye na mbao yenye kovu hawakai chumba kimoja. Ukimkaribisha kwako, kabla hajaketi ameshapapasa fremu ya mlango, na akikuta tundu, chai yako itapoa akilichunguza. Ni maradhi, lakini ndiyo yaliyomlisha miaka ishirini, na watu walimpenda nayo.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa na shamba la pesheni za njano nyuma ya nyumba: mistari sita ya waya iliyoshikwa na nguzo kuukuu, na banda la kuwekea makreti. Tangu afiwe na mume, shamba hilo ndilo lililompikia na kumvisha. Nguzo zilikuwa zimejaa matundu ya mviringo, unene wa kidole, na ndani waliishi nyuki wakubwa weusi wanaotafuna mbao mchana kutwa. Kila Msasa alipopita hapo, damu ilimchemka.

Basi dada aliposafiri mwezi mzima kumhudumia binti yake aliyejifungua, Msasa akaona ndiyo nafasi ya kumlipa fadhila. Alizibadilisha nguzo moja moja bila kuvunja hata tawi, akasimamisha mpya zilizozamishwa dawa ya wadudu. Maboriti ya banda akayaziba matundu kwa gundi na vumbi la mbao, akayapiga msasa yakang'aa. Nguzo za zamani akazirundika uani, akazimwagia mafuta ya taa, akazichoma asubuhi na mapema, nyuki wakiwa bado ndani. Aliwasikia wakivuma kwenye moto na, kusema kweli, alifurahi.

Dada aliporudi alilia kwa furaha. Wiki nzima kila mpita njia aliitwa aje kutazama. "Kazi ya mdogo wangu hii," alisema. "Wenzangu wana ndugu wa kuja kula tu."

Msimu ukafika, maua yakachanua. Ua la pesheni ya njano hufunguka adhuhuri, likajifunga usiku ukiingia, na likishajifunga halina siku ya pili. Yalifunguka mamia kwa mamia, yakajifunga, yakaanguka. Chini ya waya palitapakaa maua makavu, na juu hapakuwa na tunda. Dada akaongeza mbolea. Akaongeza maji. Halafu akaanza kujishuku mwenyewe, akisema labda mkono wake umekuwa mzito kwa uzee.

Mwishowe akamwita bibi shamba, mwanamke mfupi wa viatu vya mpira, asiye na maneno mengi. Bibi shamba alipasua ua kwa ukucha, akalitazama.

"Hili halijapata chavua ya mche mwingine," akasema. "Njano haizai peke yake. Nyuki wadogo hawaifikii vizuri, wanaiba chavua tu. Kazi hii ni ya wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wako wapi?"

"Walikuwa tele," dada akasema. "Mdogo wangu, hukuwaona ulipobadilisha nguzo?"

Msasa akainama kuokota ua kavu. "Walihama," akasema.

Neno moja tu, lakini alikaa nalo siku tatu. Bibi shamba alimfundisha dada kuchavusha kwa vidole: unachukua ule unga wa njano kwenye mche huu, unaupaka kwenye vinundu vitatu vya ua la mche ule, na uwe umemaliza kabla giza halijaingia. Maua mamia kila siku, mikono juu, kwa mama wa miaka sitini na miwili. Siku ya nne Msasa alimkuta ameketi chini kati ya mistari, mabega yamekataa, na maua mengi bado yako wazi.

"Dada, hawakuhama. Niliwachoma."

Dada hakumtazama. "Wote?"

"Wote. Wa bandani niliwaziba humo humo."

"Na ukaniambia wamehama."

"Niliona haya."

"Kuwachoma ni ujinga, na ujinga nausamehe," dada akasema taratibu. "Lakini siku tatu najiuliza nimekosa nini hata wakahama, nawe umesimama hapo unanitazama." Akajiinua kwa kushika nguzo mpya, akaendelea na ua lililofuata.

Usingizi ulimpaa Msasa. Kulipokucha alizibua matundu ya banda kwa keekee. Wakadondoka nyuki wakavu, wepesi. Alikuwa bado amewashika kiganjani simu ilipoita. Ni mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya bonde.

"Fundi, nasikia uliwakomesha wadudu wa mbao kwa dada yako kwa mafuta ya taa. Na mimi wananitafunia baraza. Njoo."

Msasa alikwenda mbio, lakini si kwa mafuta ya taa. Alimbembeleza mwalimu, bila kusema sababu, ampe boriti kuukuu ya baraza walimoishi nyuki, naye atamwekea mpya ya mbao ngumu, ile aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe. Mwalimu alimwona amerukwa na akili, akakubali. Magharibi, nyuki walipokwisha kuingia, Msasa aliziba matundu kwa vitambaa, akakata boriti, akaibeba begani kuvuka bonde. Walimvumia sikioni njia nzima, naye akawaombea. Dada alipoiona alisogeza makreti kuipisha.

Adhuhuri ya kesho yake wakatoa vitambaa. Wakatoka nyuki watatu tu. Mmoja akatua kwenye ua, akajisokota ndani, akatoka mgongo wote njano, akaingia la pili. Dada alimshika Msasa mkono, akaubana kama zamani walipovuka barabara. Kisha nyuki akapaa, akazunguka mara mbili juu ya waya, akanyoosha moja kwa moja kuelekea bondeni. Wenzake wakamfuata. Ndugu hao wawili walisubiri, wakasubiri, halafu wakarudi kwenye kuchavusha kwa vidole.

Jua lilikuwa linashuka simu ilipoita. Vidole vya Msasa vilikuwa na chavua, basi akaiweka sauti kubwa juu ya kreti.

"Fundi, wale wadudu wako watatu wamerudi," mwalimu akasema. "Walikuwa wanazunguka pale pale boriti ilipokuwa. Usijisumbue kuja, nimeshawamwagia mafuta ya taa. Wamekwisha."

Msasa aliliachia ua alilokuwa amelishika.

"Mshukuru," dada akasema, bila kushusha mikono. "Amefanya kama alivyosikia umefanya wewe."